Mziki wa harusi Kigoma: namna ya kuchagua nyimbo ili watu wasikae

Wakuu, nimeshapiga mziki kwenye harusi nyingi tu mkoa huu, Mwanga, Ujiji, Katubuka, Gungu, mpaka Kasulu huko, na nyingine vijiji vya mwambao ambako unaenda na boti spika zimefunikwa turubai unaomba Mungu ziwa litulie. Madogo wanaoanza kazi swali lao kwangu ni moja, "kaka nitumie plelisti yako". Siwatumii, na sio uchoyo. Plelisti yangu ya Jumamosi iliyopita ukiipeleka kwenye harusi ya Jumamosi ijayo inaweza kukuaibisha, wageni sio wale.

Mi mwenyewe niliaibika. Harusi yangu ya kwanza kupiga peke yangu bila bosi nilikua na flashi imejaa amapiano mpya mpya, nikasema leo watanijua. Nikaanza saa tatu na nusu, vijana kama kumi wakaja katikati wanarekodi video, nikajiona nimemaliza kazi. Dakika arobaini nimekomaa na amapiano tu. Nilivyonyanyua macho kwenye laptopu ukumbi mzima umekaa, watu wanachokonoa meno, wengine wameshaanza kutafuta pochi na watoto waondoke. Akaja mama mmoja mtu mzima, kavaa sare ya kitenge cha upande wa bwana harusi, viatu kavishika mkononi, akaegemea meza yangu akasema taratibu kabisa, "Mwanangu, nyimbo zako nzuri, ila na sisi tumekuja na miguu." Nikamuuliza mama unataka nini, akasema weka chochote cha Kongo. Nikaweka. Yule mama alivyogeuka tu kurudi katikati, bega lake la kulia lilishaanza kabla hajafika, na nyuma yake wakainuka meza mbili nzima za sare ile ile.

Toka siku hiyo najua kitu kimoja na ndo nachotaka nikueleze humu, ukumbi wa harusi unafunguliwa na wakina mama. Sio vijana. Kijana hata ukimpigia wimbo anaoupenda anaona aibu kua wa kwanza, anasubiri wenzake, anaangalia simu. Mama mwenye sare, aliyekaa vikao vitatu vya kamati na kuchanga na kupika, yeye amekuja kucheza, unachotakiwa ni kutomzuia. Akishaingia yeye, mashangazi wanamfuata, wifi wanamfuata, watoto ndo usiseme, na vijana wanaingia wenyewe maana sasa uwanja umejaa hawaonekani.

Sasa tuende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Ulizia wageni kabla hujagusa wimbo hata mmoja

Wiki moja kabla nenda kaonane na mwenyekiti wa kamati au yoyote anayeijua familia vizuri, na bora zaidi uongee na shangazi mmoja wa kila upande. Usimuulize "mnapenda mziki gani", watakujibu "wowote tu DJ" alafu siku ya siku wanakununia. Uliza vitu vya kueleweka. Familia zinatokea wapi? Ni harusi ya dini gani, na kama ni wakristo, ni wa kanisa la kucheza au wale wasiotaka kabisa nyimbo za dunia? Kuna vinywaji vikali au soda na maji tu? Wageni wa kutoka nje ya mkoa ni wengi? Kuna vikundi vingapi vya sare, na kuna kikundi kinafanya mazoezi ya kuingia na wimbo fulani? Alafu lile watu huwa wanasahau, kuna wimbo wowote usiotakiwa? Hili liulize kwa upole, nilishawahi kupiga zilipendwa moja tamu kabisa, meza ya mbele ikaanza kulia, kumbe ndo ulikua wimbo wa marehemu baba wa bibi harusi.

Kwa hapa kwetu hilo swali la wanatokea wapi lina uzito kuliko sehemu nyingine. Mji huu umechanganyika. Kuna Waha wenyewe, kuna Wamanyema wa Ujiji ambao mababu zao walitokea ng'ambo ya ziwa, kuna Wabembe, Wagoma, kuna ndugu wa Burundi, kuna wafanyakazi waliohamishiwa huku kutoka Dar na Mwanza. Mtu wa Ujiji mwenye miaka sitini amekulia kwenye bolingo na redio za ng'ambo, kwake mziki wa Kongo ni kama ugali wa muhogo na migebuka, humfundishi. Wageni wakitoka Kasulu au Kibondo ndani ndani, andaa na ngoma za Kiha, hata kama huzielewi maneno, maana ikifika saa tano usiku ikapigwa moja ya kwao utaona wazee waliokua wamelala kwenye viti wananyoosha mikono juu.

Kama ni ya kiislamu Ujiji kule, uliza kama wanawake na wanaume wanakaa pamoja au mbali mbali. Kama ni shughuli ya wanawake peke yao, basi wewe biashara yako ni taarabu, na tutafika huko.

Hatua ya 2: Panga makapu, sio mstari

Plelisti ni mstari, wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, na harusi haiendi kwa mstari. MC anachelewa, keki inachelewa, baba wa bwana harusi anashika maiki anaongea dakika ishirini. Kwaiyo mi napanga mafolda nayaita makapu, na kila kapu lina watu wake.

Kapu la bolingo. Hili ndo kubwa, kwa Kigoma weka hata nyimbo 60. Chini kabisa weka rumba za zamani, Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley, Mbilia Bel. Katikati Pepe Kalle na Kanda Bongo Man. Juu yake ndombolo za mwishoni mwa miaka ya 90 na kuendelea, Wenge Musica, Koffi Olomide, Awilo Longomba, mpaka wa juzi juzi kina Fally Ipupa.

Kapu la zilipendwa za nyumbani, Msondo, Sikinde, Marijani Rajab, Mbaraka Mwinshehe, na usimsahau Shem Karenga, mtoto wa Bangwe hapa hapa aliyekuja kung'ara na Tabora Jazz. Ukimpiga huyo kwenye harusi ya Kigoma kuna mzee mmoja lazima aje kwenye meza yako kukueleza alikua anakaa nyumba gani. Msikilize tu, dakika mbili, mkono mmoja uwe kwenye kontrola, kile kifaa cha kuchanganyia nyimbo.

Kapu la bongo fleva, hapa tunajidai, Diamond na Alikiba wote wawili asili yao ni huku kwetu. Ila angalizo, ukipiga mmoja nyimbo tatu mfululizo upande wa pili wanakuja kulalamika, kuna timu humo ukumbini na wengine ni watu wazima kabisa wenye ndevu. Gawa sawa. Na ule wimbo wa Kigoma All Stars, wasanii wa asili ya huku walioungana, wa mwaka 2012 uwe nao, ila usiutumie mapema, huo ni wa kunyanyua ukumbi ukilala.

Kapu la kwaito, maana wakina dada wa kikazi, walimu, manesi, watu wa benki, wanazijua zile stepu za kucheza kwa mstari wote wanageuka pamoja. Hizi zina raha yake, mtu asiyejua kucheza anajificha mstari wa nyuma anaiga. Tano sita zinatosha.

Kapu la injili za kuchezeka. Rose Muhando anainua ukumbi wa walokole kuliko kitu chochote, na Christina Shusho ni wa hapa hapa Kigoma, wanampenda. Hata kwenye harusi isiyo ya kilokole anza na hizi wakati watu wanaingia.

Kapu la taarabu na mduara. Kapu la amapiano na singeli kwa ajili ya vijana. Na kapu dogo la nyimbo za taratibu, zouk na mapenzi, kwa ajili ya keki na maharusi kucheza wawili.

Kitu kingine, ubora wa faili. Wimbo uliotumiwa kwa watsapu kwenye simu unausikia poa, ukiupeleka kwenye spika za inchi 18 unakua kama mtu anaongea ndani ya ndoo. Tafuta nyimbo za 320 kbps (hiyo ndo namba ya ubora wa sauti ya faili), usikubali chini ya 192, na zisikilize zote mwenyewe toka mwanzo mpaka mwisho. Zote. Kuna moja niliipakua sehemu, katikati ikaingia sauti ya jamaa anatangaza tovuti yake, pasta kakaa mbele pale ananiangalia. Na matusi hivyo hivyo, singeli na amapiano nyingine zina maneno ambayo mama mkwe hatakiwi ayasikie, tafuta toleo safi au achana nao.

Hatua ya 3: Jua wimbo unachezeka kuanzia wapi

Hapa ndo wengi wanafeli na ndo hapa ntakaa kidogo.

Nyimbo nyingi za Kongo zina sehemu mbili. Mwanzo ni rumba, mtu anaimba taratibu analalamika mapenzi, gitaa linatembea pole pole. Alafu inafika sehemu ngoma inabadilika, waimbaji wanarudi nyuma, magitaa yanaanza kuzungushana na atalaku anaanza kupiga kelele za kuita majina na kuelekeza watu wacheze vipi. Hiyo ndo sebene. Watu wa huku wanaijua, utasikia mama anasema "ngoja sebene". Sasa wimbo unaweza kua wa dakika nane, sebene inaingia dakika ya nne. Franco ndo usiseme, ana nyimbo zinapita dakika kumi. Ukiuanza mwanzo wakati ukumbi umechangamka, unakua umewaambia watu wakae. Kanda Bongo Man ndo alikuja kuvunja utaratibu huo miaka ya 80, yeye gitaa linaingia mapema hachelewi, ndo maana nyimbo zake ni rahisi kwa DJ anayeanza, unaweka tu.

Kwaiyo fanya hivi. Kaa na kapu lako la bolingo nyumbani, fungua kila wimbo kwenye programu yako ya DJ, Virtual DJ au Serato au chochote unachotumia, tafuta sebene inapoanzia, weka alama pale, na weka nyingine kama sekunde 15 kabla yake. Kwanini kabla? Kwasababu mama anataka asikie inakuja. Ile sekunde ambayo ngoma inakaribia kubadilika ndo anaweka glasi chini, anakaza kitenge kiunoni, anamvuta shoga yake mkono. Ukimdondoshea sebene ghafla anaifikia imeshaanza bila yeye. Wapige sekunde 15 za kusubiri alafu waachie.

Ila kuna wakati unatakiwa uache rumba yote toka mwanzo. Saa mbili mbili pale watu wanakula, au mapema watu wazima wanapoanza kuja katikati wawili wawili, mzee na mkewe wamekamatana vizuri, usimkatie mzee rumba yake kwenda kwenye sebene, magoti yake unayajua wewe? Mwache asakate, ataenda kukaa mwenyewe sebene ikianza na atakushukuru.

Bongo fleva nazo zina kiitikio. Hapa ni rahisi, anza kwenye kiitikio, piga beti moja, kiitikio, toka. Dakika 2 na nusu inatosha. Ukipiga hesabu, masaa mawili ya kucheza kwa mwendo huo ni kama nyimbo 48, ndo maana lazima uwe nazo nyingi. Bolingo lakini usiikate dakika mbili na nusu, sebene inahitaji muda watu wazame, ipe dakika nne tano.

Taarabu usiikate kabisa. Mwanamke kaamka kwenda kumtunza bibi harusi na elfu mbili mbili zake kazipanga kama karata, anasubiri ule mstari wa mafumbo anaoutaka ili amwoneshee mtu kidole kijanja, wewe unakata wimbo? Utatafuta pa kulala.

Hatua ya 4: Angalia spidi usiwavunje watu miguu

Kila wimbo una mapigo yake kwa dakika, programu inakuonesha. Bongo fleva nyingi zipo kwenye 90 mpaka 110 hivi, amapiano 110 na kitu mpaka 115, ndombolo inapanda juu ya 120, na singeli ni 200 na kuendelea, ni kama mtu anafukuzwa na nyuki. Sasa ukitoka bongo fleva ya 95 ukarukia ndombolo ya 130 mara moja watu wanasimama kwa mshangao wanaangaliana. Panda taratibu, 95, 102, 110, 118, alafu ndo 130. Kushuka ni rahisi zaidi, watu wakiwa wamechoka wanataka kushushwa, hapo unaweza kuruka.

Singeli ina ujanja wake. Kwasababu 200 ni mara mbili ya 100, ukiwa kwenye wimbo wa 100 unaweza kuingiza singeli juu yake mapigo yakakaa sawa sawa, anayejua anacheza haraka, asiyejua anaendelea na mwendo wake wa zamani. Ila singeli nyimbo mbili, tatu mwisho. Hii sio Manzese ya Dar, huku watu wameshiba ugali.

Hatua ya 5: Nyimbo za matukio

Kuingia kwa maharusi usichague wewe, wao wamechagua, wewe kazi yako ni kua nao kwenye laptopu NA kwenye flashi NA kwenye simu. Keki na shampeni weka za taratibu, chini ya sauti ya MC. Wakati wa chakula zilipendwa na rumba sauti ndogo, watu waweze kuongea, mtu akilazimika kupiga kelele kuomba chumvi umezidisha.

Zawadi ndo kuna mtego. Kwenye foleni ya zawadi watu hawatembei, wanacheza, na foleni inaweza kua ndefu kuliko unavyofikiria. Nilishawahi kuweka wimbo wa dakika tatu, upande wa bibi harusi ndo kwanza wanaingia mlangoni, mashangazi wanne wamebeba godoro kichwani, nyuma kuna ndoo za mawese, mabeseni, vitenge, majiko ya gesi, wimbo ukaisha. Kimya. Wale wa godoro wamesimama katikati ya ukumbi mguu mmoja mbele hawajui waende au warudi. Niliweka wimbo mwingine haraka haraka ukaja wa spidi nyingine kabisa, godoro likaanza kuyumba. Kwaiyo kwa zawadi weka mduara au bolingo ndefu yenye mwendo mmoja usiobadilika badilika, iliyozidi dakika nane, na nyingine ya spidi ile ile iwe imeshakaa tayari upande wa pili wa kontrola. Usisubiri.

Hatua ya 6: Dakika 15 za kwanza baada ya kufungua mziki

MC katangaza, maharusi wamecheza wimbo wao, sasa kila mtu anakuangalia. Hapa ndo unakumbuka shangazi uliyeongea nae wiki iliyopita. Weka wimbo wa wakina mama, na wa kwanza uwe unaojulikana na kila mtu, usijaribu kua mjanja. Mi huwa naanza na bolingo ya zamani kidogo kwenye ile alama ya sekunde 15, ya pili bolingo tena, ya tatu mduara ili wazunguke. Wakishazunguka duara limeshajengeka, hakuna anayetoka kwenye duara kirahisi, akitoka anaonekana.

Kama kuna kamati ya wanaume wamekaa na bia zao pembeni huko wanajifanya wazito, usihangaike nao sasa hivi. Zilipendwa ya saa nne itawatoa.

Vijana watakuja kwenye meza, "DJ weka ngoma mpya bana, unatuzeesha". Waambie zamu yenu inakuja, na iwe kweli inakuja, baada ya dakika 20 wape amapiano tatu na bongo fleva mbili, uwanja ukiwa umejaa tayari. Amapiano ile ile iliyoniua mwaka ule, ukiipiga wakati mama zao wapo katikati wamechangamka, inafanya kazi vizuri kabisa, nimeona bibi wa miaka sabini anafundishwa na mjukuu wake kushuka chini, alishuka, kupanda ndo ikawa shughuli.

Hatua ya 7: Soma miguu, sio nyuso

Mtu anaweza akawa anacheka na mwenzake huku anapanga kwenda kukaa. Miguu haidanganyi. Mi kila wimbo ukifika katikati nanyanyua macho naangalia chini, viatu. Wakiwa wamevua viatu vimelundikwa pembeni ya ukuta, nipo salama, mtu aliyevua viatu haondoki. Visigino vikianza kugeukia upande wa meza ujue una kama nusu dakika ubadilishe. Wale wa pembeni ya uwanja ndo wa kuangalia zaidi kuliko wa katikati, maana uwanja unaanza kuisha pembeni, kama nguo inavyofumuka.

Na usitegemee watu wale wale wacheze masaa matatu. Hawawezi, ni binadamu, wengine wana presha. Unachofanya ni kuwapokezana. Wakina mama wakicheza dakika 20 mpaka 25 majasho yanatoka, badilisha kapu kabla hawajaamua wenyewe kukaa, waite kwaito, wakina dada wanaingia, mama zao wanaenda kunywa maji wanaangalia. Alafu zilipendwa, wazee. Alafu vijana. Alafu bolingo tena, wakina mama wameshapumzika wanarudi. Ukifanya hivi uwanja hauwi mtupu hata mara moja japo kila mtu kapumzika.

Ukiona wimbo umekufa, umekufa. Usiupe nafasi ya pili kwasababu wewe unaupenda. Toka nao, hata kama miksi, yaani kuunganisha wimbo na wimbo, haikukaa vizuri, mgeni hajui miksi, anajua tu kama mguu unakwenda au hauendi. Kuna madogo wanahangaika na kontrola dakika tatu watafute miksi tamu, uwanja unaondoka mbele yao.

Hatua ya 8: Maombi, MC, na umeme

Maombi yaandike kwenye karatasi, usikubali kila kitu na usikatae kwa mdomo, sema "nimeuandika". Ombi la mama mzazi au la bibi harusi linapita foleni. Ombi la mlevi lisubiri, atasahau. Mtu akikuletea simu yake uichomeke kwenye miksa, kataa, simu itaita katikati ya wimbo ukumbi wote usikie mlio wake.

MC kaeni nae kabla mkubaliane ishara. Kuna MC anapenda kuongea juu ya sebene, kila watu wakizama anakata mziki kutangaza gari namba fulani limeziba njia. Mwambie mapema, matangazo yote kwenye mapumziko.

Umeme ukikatika laptopu ina betri lakini spika hazina, kwaiyo jenereta iwe na mafuta na iwe imewashwa kujaribiwa mchana, sio imeegeshwa tu kwa sura. Ukikatika katikati ya sebene waachie wakina mama, wataendelea kwa makofi na vigelegele mpaka jenereta iwake. Ikiwaka anza wimbo ule ule pale pale ulipokatikia, wanapiga kelele kama wamefunga goli.

Kufunga

Muda wa ukumbi unaujua, nusu saa kabla anza kuwarudisha wote pamoja. Hapa ndo unautoa ule wa Kigoma All Stars kama hukuutumia, ngoma ya Kiha moja, bolingo mbili kali kwenye sebene tupu, na wa mwisho kabisa uwe wa taratibu kidogo wa kuwatoa mlangoni, injili ya shukrani au zilipendwa, sauti ukiishusha kidogo kidogo. Watasema "moja ya mwisho DJ", wape moja. Wakisema tena moja ya mwisho, muangalie mwenye ukumbi sio wao.

Na hela yako iliyobaki ichukue kabla ya huo wimbo wa mwisho. Mkimaliza mhazini huwa haonekani, na simu yake inakua imeisha chaji.